Ratiba Iliyoishia Saa Kumi na Moja

Tangu turudi sijapata kukaa mkahawani Satwa nikanywa chai ikaisha ingali moto. Kila anayepita anavuta kiti na kuuliza, "Ehe, Ulaya mlikula nini?" Nimesimulia mara nyingi hadi nimeanza kujichanganya mwenyewe. Kyalo naye akisimulia upande wake, aibu zote zinakuwa zangu na busara zote zinakuwa zake. Kwa hiyo nimeamua kuandika mara moja, msome wote, halafu mniache ninywe chai yangu. Habari za visa na tiketi hamtazikuta humu.

Kwa wasionijua, naitwa Ndinda, nyumbani ni Machakos, na kwa miaka sita nilikuwa yaya katika nyumba ya madam mmoja hapa Dubai, nikila humo na kulala humo. Mume wangu Kyalo ni mlinzi wa jengo la ofisi kule Al Garhoud, naye alikuwa akilala kwenye kambi ya kampuni, wanaume wanane chumba kimoja. Tulioana, tukakaa pamoja wiki tatu, tukapanda ndege. Tangu hapo ndoa yetu ikawa ya Jumapili. Tulikutana kanisani saa nne asubuhi, tukala Satwa, tukatembea kidogo, na saa kumi na moja jioni alinisindikiza kituo cha basi, maana madam alitaka niwepo watoto wakioga. Mama mkwe zamani alikuwa akiuliza habari za mjukuu. Siku hizi akipiga simu anauliza kama Dubai kumenyesha.

Sasa mkataba wangu ulikuwa unaisha, na madam alitaka niongeze miaka miwili. Kyalo kwa upande wake alikuwa ameonyeshwa chumba Discovery Gardens, katika nyumba ya kushirikiana na familia moja ya Kiganda, na chekechea moja ya Garhoud ilikuwa tayari kuniajiri. Nilitakiwa nichague. Nilimwambia Kyalo, "Twende kwanza hiyo safari yako, nikirudi nitakuwa na jibu." Yeye alidhani nahesabu faida na hasara. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mtu anaweza kumpenda mume wa Jumapili na asimweze wa Jumatatu, na sisi hiyo Jumatatu hatukuwa tumeiona tangu Machakos.

Satwa: daftari na makoti

Watu wengine wakipanga kwenda kutembea na kula, hutafuta picha za mahali. Kyalo alinunua daftari la jalada gumu, jeusi lenye mgongo mwekundu, lile lile wanaloandikia matukio kazini, akalipiga mistari kwa rula: saa, mahali, maelezo. Jumapili tatu mfululizo tulikaa kwenye mkahawa wetu, yeye akiandika, mimi nikila chipsi zake.

"Siku ya pili, saa tatu asubuhi, kuoga," alisoma.

"Kuoga wapi?"

"Huko kuna maji moto yanatoka chini ya ardhi. Watu wanatoka mbali kuja kuoga."

"Kyalo, nipande ndege nikaoge?"

"Iko kwa roster," alisema, kana kwamba hiyo roster, ratiba ya zamu, imeletwa na supavaiza.

Mji wenyewe ni Tbilisi, mji mkuu wa Georgia. Kambini kwao waligawanyika makundi mawili, wanaosema ni Ulaya na wanaosema si Ulaya. Mmoja alimwambia, "Bro, hiyo ni Ulaya vile Discovery Gardens ni Dubai. Kwa anwani ni Dubai, ukishuka uko Jebel Ali, mwisho wa mji." Kyalo alinuna siku mbili nzima. Alipoacha kununa akaandika kwenye daftari, upande wa maelezo, "Ni Ulaya."

Kuhusu baridi tulimwendea Bi Mwanakheri, fundi cherehani wa Kizanzibari ambaye Satwa nzima inamjua. Duka lake lina ukuta mmoja wa nguo ambazo wenyewe walizileta kupunguzwa na hawakurudi. Alitoa koti refu la rangi ya zambarau, lenye manyoya shingoni.

"Hili mvishe mumeo."

"Bi, hili si la kike?"

"Baridi haitazami hayo, mwanangu. Wewe chukua hilo la kijivu." Akanitazama juu ya miwani. Nilikuwa nimeshamweleza yote, kwa sababu Bi Mwanakheri humpima mtu kiuno huku akimchota siri. "Unakwenda kuamua jambo zito. Basi usije ukaamua na njaa. Kula kwanza, ushibe, ndiyo uamue."

Tulichukua makoti na nasaha zake, tukaondoka.

Uwanja wa ndege: chapati zilizokamatwa

Ndege ilikuwa iondoke saa moja asubuhi. Daftari lilitaka turipoti saa kumi alfajiri, na tukaripoti. Saa moja ikapita, ubao ukasema saa tatu. Saa tatu ikapita, ubao ukasema saa tano. Kyalo alikuwa amevaa sweta mbili na lile koti ili mizigo isizidi, jasho likimtiririka hadi kwenye manyoya, na kila ubao ulipobadilika alitoa rula na kufuta.

"Hii roster imeharibika kabisa," alisema.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," nilimwambia. "Nenda ukaulize kuna nini."

Alipokwenda kuuliza, nami nikaenda chooni, na begi la chakula nikaliacha juu ya kiti. Najua, hata mimi nimeishi mjini. Lakini nilikwenda dakika tano tu. Niliporudi nilikuta watu wamesogezwa nyuma, viti vyetu viko peke yao, na Kyalo amesimama hatua tatu kutoka kwenye begi, mikono imetandazwa kama anazuia ng'ombe. Karibu naye alikuwa afisa wa usalama akiongea kwenye redio. Mume wangu alikuwa ameona begi lisilo na mtu akaliripoti.

"Ni letu," nilisema.

Kyalo akalitazama upya. "Ndinda, si letu ni la bluu?"

"La bluu ni la nguo. Hilo ni la chapati."

Afisa alilifungua hata hivyo, kwa sababu sheria ni sheria. Alitoa chapati kumi na mbili na kopo la ndengu, moja baada ya nyingine, abiria wote wakitazama. Alimaliza, akazirudisha, akamwambia Kyalo kwamba amefanya kazi vizuri. Hiyo sehemu ndiyo Kyalo huwasimulia. Tulikula zile chapati tukiwa tumekaa na migongo kwa watu, na ndege ikaondoka saa tano u nusu.

Tbilisi, nusu siku: namna nilivyomkatia mume wangu chakula

Tulipotua, Kyalo alishika saa yake ya mkononi tayari kuibadilisha, akagundua kwamba saa za Tbilisi ni zile zile za Dubai. Ilimuuma kidogo. Alitaka tuwe tumekwenda mbali zaidi ya hapo.

Nyumba tuliyofikia ilikuwa ya mama mmoja aitwaye Manana, mjane wa makamo, katika kichochoro cha nyumba za zamani zenye roshani za mbao zilizoegemeana. Alilitazama koti la Kyalo, akamtazama Kyalo, akanitazama mimi. Kisha akaweka mkono kifuani na kusema kwa Kiingereza chake cha vipande kwamba ni zuri sana, na kwamba marehemu mama yake alikuwa na la namna hiyo. Kyalo alishukuru kwa dhati. Sikumfafanulia.

Kufikia saa kumi tulikuwa mkahawani, chini ya ardhi, mahali penye joto na harufu ya nyama na kitunguu saumu. Daftari lilisema "Khinkali." Ni vifuko vya unga vilivyochemshwa, vikubwa kama ngumi ya mtoto, vimekunjwa juu na kufungwa fundo, ndani kuna nyama na supu yake. Vililetwa kumi kwenye sinia, moshi ukifuka.

Hapa ndipo palipo na aibu yangu. Miaka sita nimekuwa nikilisha watoto wa watu. Chakula cha moto kikitua mbele yangu, mikono yangu haiulizi. Nilichukua kisu na uma, nikavuta sahani ya Kyalo, nikampasulia khinkali zake zote tano vipande vidogo vidogo, nikavipuliza. Supu ikamwagika sahani nzima. Kisha nikachukua kitambaa na kumfuta kidevu, ilhali hajala hata tonge.

"Ndinda," alisema polepole, "mimi niko miaka thelathini na nane."

Mhudumu alikuwa amesimama kando yetu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Kumbe kwao kifuko hicho hakiguswi na kisu. Hushikwa kwa vidole pale penye fundo, kikang'atwa kidogo, supu ikafyonzwa, halafu kikaliwa, na fundo likaachwa sahanini ili mtu ahesabu amekula vingapi. Aliiondoa ile sahani, akaleta nyingine, akasimama pale pale hadi alipomwona Kyalo anakula kwa mkono. Kyalo alikula kumi na moja. Mafundo aliyapanga kwenye ukingo wa sahani kwa mstari mmoja ulionyooka, na mhudumu akafurahi sana.

Tukaagiza chai. Ilikuja kwenye birika la udongo pamoja na jamu ya jozi changa, zile kokwa za ganda gumu, kitu kitamu ambacho sikuwa nimewahi kukionja. Nilikuwa nimejaza kikombe nusu. Kyalo akatazama saa yake, mimi nikachukua mkoba wangu, tukasimama wote wawili. Alilipa, akatoka nje kutafuta teksi, akanifungulia mlango. Tulifika kwa Manana, tukapanda ngazi, tukakaa kitandani na makoti yetu, ndipo nikamuuliza, "Kyalo, tulikuwa tunawahi nini?"

Alifikiri. "Sijui. Ilikuwa saa kumi na moja."

Tulicheka, lakini si sana. Nusu ya birika la chai tulikuwa tumeiacha mezani, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua la kufanya na jioni.

Mlimani, na ukurasa mweupe

Asubuhi nilimkuta Kyalo amelala chali, mikono imebana mbavuni, kama alivyozoea kwenye kile kitanda chake cha ghorofa cha kambini. Kitanda cha Manana kilikuwa kipana, na yeye alikuwa ametumia robo. Mimi robo nyingine. Katikati pangetosha mtu wa tatu. Alinilalamikia kwamba nilikuwa nikiinuka kila mara na kuuliza, "Nani analia?" Mimi nilimlalamikia kwamba anakoroma. Alisema kambini hakuna aliyewahi kulalamika. Nilimwambia kambini wanakoroma wote.

Saa tatu tulikwenda kuoga, kama roster ilivyoamuru. Maji yanatoka ardhini yakiwa moto na yananuka yai viza, na chumba mnapewa wenu wawili mkafunga mlango. Sitasema zaidi. Nitasema tu kwamba Kyalo alikagua mlango mara tatu, na kwamba tulipotoka ngozi yangu ilikuwa laini nikamwambia roster yake si mbaya.

Kisha tukapanda kwa kile chombo kinachoning'inia kwenye waya hadi ngomeni juu ya mlima. Huko kuna sanamu kubwa ya mwanamke, mkono mmoja ameshika bakuli la mvinyo kwa wageni wema, mkono wa pili upanga kwa wengine. "Bi Mwanakheri," tulisema kwa pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza katika safari ile kusema jambo moja kwa wakati mmoja.

Tuliposhuka tulipita jumba la makumbusho. Mimi nilikwenda kuona mapambo ya dhahabu ya kale, na niliporudi nilimkuta Kyalo mlangoni, mikono nyuma, miguu ameitenganisha, watu wakimwonyesha tiketi zao. Alikuwa anazikagua. Mtalii mmoja alimuuliza choo kiko wapi, akamwelekeza sawasawa, maana Kyalo akiingia jengo lolote jambo la kwanza ni kujua vyoo na milango ya dharura. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi kwenye stuli, ambaye ndiye mlinzi halisi wa pale, alikuwa anamtazama kwa mashaka makubwa.

"Kyalo, uko likizo."

"Nilikuwa nimesimama tu. Wakaanza kuja."

Saa kumi na nusu tuliingia mkahawa mwingine tukala mkate wenye umbo la mashua, katikati umejaa jibini na yai. Alipokwenda kunawa mikono nilivuta daftari lake nione kesho kuna nini. Niligeuza kurasa mbele, nikageuza nyuma. Siku ya kwanza ilikuwa inaishia saa kumi na moja. Siku ya pili ilikuwa inaishia saa kumi na moja. Ya tatu pia. Chini ya hapo alikuwa amepiga mistari vizuri kabisa kwa rula, hadi mwisho wa ukurasa, na hakuandika kitu.

Aliporudi nilikuwa bado nimelifungua.

"Kwa nini hapa hapana kitu?"

Alikaa. Alitazama ule ukurasa muda mrefu, na niliona kwamba naye alikuwa anauona kwa mara ya kwanza. "Sikujua niandike nini," alisema. "Huo muda sina experience nao."

Nilitaka kumcheka na sikuweza. Niliiona ndoa yetu yote pale, imepigwa mistari na kuachwa. Na hapo hapo simu ikalia. Alikuwa madam. Mtoto mdogo amekataa kula, kijiko chake cha njano kiko wapi? Nikamwambia kabati la juu, kushoto, nyuma ya vikombe. Mtoto alitaka kunisikia, nikamwimbia kidogo, akala. Madam akasema, "Ndinda, lazima nijue. Kama huongezi, natakiwa kutafuta mtu mwingine." Nikasema, "Nikirudi, madam, inshallah."

Kyalo alikuwa anafunga daftari na kulifungua. Nami niliwaza kwamba kile kijiko cha njano najua kilipo gizani, lakini mume wangu analala upande gani wa kitanda nimejua asubuhi hiyo. Nilikaribia sana kuchagua kijiko. Angalau hicho nilikuwa nakijua.

Kwa Manana: siku ya jembe

Siku ya tatu Manana alitukaribisha kula kwake chini. Daftari lilikuwa limepanga soko la vitu vya kale, lakini mama wa watu alikuwa amepika tangu alfajiri, na harufu ilikuwa imepanda ngazi hadi chumbani. Tulikaa mezani saa tisa. Alikuwepo kaka yake, mzee Gia, dereva wa teksi aliyestaafu, na majirani wawili. Mezani palikuwa na biringanya zilizosokotwa na jozi, kuku wa kitunguu saumu, maharagwe ndani ya chungu, mkate mrefu uliochongoka ncha, na kila sahani mpya iliyokuja iliwekwa juu ya nyingine, maana nafasi ilikuwa imekwisha.

Kwao karamu ina mkubwa wake, na huyo alikuwa Gia. Hakuna anayekunywa hivi hivi. Gia husimama, anasema neno refu, juu ya wazazi, juu ya waliokufa, juu ya wageni, ndipo watu wanainua glasi. Sisi hatunywi pombe, tukapewa soda yao ya kijani yenye ladha ya majani, tukainua hiyo. Kyalo alisimama kila mara Gia aliposimama. Hakuna aliyemwambia akae.

Saa kumi na moja ikafika. Hakukuwa na saa ukutani, lakini miguu yangu iliijua. Niliinuka, nikaanza kukusanya sahani. Jamani, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na hiyo ndiyo ilikuwa siku ya tatu. Nilikuwa nimeshapanga sahani sita mkononi nilipoona meza imenyamaza. Jirani mmoja alikuwa ameanza kutafuta kofia yake. Gia alikuwa na glasi hewani, na neno lake lilikuwa limekatika katikati.

Kumbe katika nyumba ile meza haiondolewi. Sahani hurundikana hadi mwisho, na anayeziondoa amewaambia watu waende zao. Mimi mgeni nilikuwa nimemfukuza mwenye nyumba, kaka yake na majirani, nyumbani kwao.

Manana aliinuka. Nilidhani amekasirika. Alizichukua zile sahani mkononi mwangu moja moja, akazirudisha pale pale zilipokuwa, pamoja na mifupa. Kisha akanishika mabega na kunikalisha, akanisogezea kiti hadi tumbo likagusa meza. "Kaa," alisema. "Hapa wewe si kazi." Kiingereza chake hakikuwa kizuri, lakini nilikielewa vizuri kuliko mahubiri mengi niliyosikia, na nikaanza kulia kidogo, na kwa kuwa nilikuwa nalia na kuku mdomoni nikaanza kucheka. Manana akacheka. Majirani wakacheka, na kofia ikarudi msumarini.

Gia alifurahi, akamwelekezea Kyalo kidole. Zamu yake kusema. Kyalo alikuwa amesimama tayari, kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia. Aliongea kwa Kiingereza kwa ajili yao, lakini alinitazama mimi.

"Mimi ni mlinzi," alisema. "Kazi yangu ni kuandika saa. Mke wangu nimemwona saa nne, saa sita, saa tisa, hadi saa kumi na moja. Saa kumi na mbili, tangu tufike Dubai, sijawahi kumwona. Juzi na jana nilimwona, lakini tulikaa wote kama watu wanaosubiri basi. Sasa hivi ni saa kumi na mbili kasoro, na yuko hapa, anacheka. Mimi nainua glasi kwa saa kumi na mbili."

Gia aliwafasiria kwa dakika nzima. Sijui alisema nini, maana majirani walimtazama Kyalo kwa huruma na mmoja akamkumbatia. Lakini tulikunywa sote kwa saa kumi na mbili, tukanywa tena ilipofika kweli, na Manana akaleta sahani nyingine akaitua juu ya kuku. Kyalo alikula hadi akafungua vifungo vya lile koti. Mimi nilikula nikashiba kabisa, na nikiwa nimeshiba hivyo, kama nilivyousiwa, niliamua. Sikumwambia hapo. Mdomo ulikuwa umejaa.

Kurudi

Asubuhi Manana alitufungia mkate na jamu ya jozi, akaligusa koti la Kyalo kwa mara ya mwisho. Ndege ya kurudi iliondoka kwa wakati, jambo ambalo Kyalo aliliandika na kulipigia mstari. Alipopitiwa na usingizi, akikoroma taratibu, nilimchomoa kalamu mfukoni. Nikafungua siku ya tatu, chini ya saa kumi na moja, nikaandika: "Saa kumi na mbili, Ndinda yupo." Upande wa maelezo nikaandika, "Discovery Gardens. Hali shwari."

Aliamka wakati tunashuka. Akasoma. Alitoa rula yake, akapiga mstari mmoja chini ya maneno yangu, ulionyooka, akageuza uso dirishani, na masikio yake yakawa mekundu kama yanavyoweza kuwa masikio ya Mkamba.

Madam nilimwambia siku iliyofuata. Nitawaambia ukweli, sikuondoka nikiruka ruka. Madam alilia, mimi nililia, na mtoto mdogo alinipa kile kijiko cha njano nikakikataa, na kukikataa kuliniuma kuliko yote. Nilimwonyesha dada mpya kabati la juu, kushoto, nyuma ya vikombe.

Bi Mwanakheri alipokea makoti yake, akanusa manyoya ya la zambarau, akauliza mbona yananuka yai. Hakuniuliza nimeamua nini. Alinitazama tu na kusema, "Umeshiba," akarudi kwenye cherehani yake.

Chumba chetu ni kidogo. Kyalo bado analala kwenye robo yake na mimi bado nauliza nani analia. Ameshaweka soksi kwa mpangilio ambao hautaki kuguswa, na asubuhi moja nilimkatia yai vipande. Tunagombana kila Jumatatu, na naifurahia sana hiyo Jumatatu.

Lakini Jumapili ya kwanza, hiyo ndiyo nilitaka kuwaambia. Tulitoka kanisani tukaja nyumbani, tukala, tukakaa. Saa kumi na moja Kyalo akainuka, akavaa viatu, akachukua mkoba wangu. Nami nikavaa viatu. Tulishuka ngazi, tukavuka barabara, tukafika kituo cha hapo kwetu, tukasimama vile vile tulivyozoea kusimama Satwa, yeye kushoto mimi kulia. Sijui ni nani kati yetu aliyekumbuka kwanza kwamba siendi popote. Basi likaja. Mlango ukafunguka, dereva akatupungia mkono tupande, "Yalla, sister, yalla."

"Wewe nenda, boss," Kyalo alimwambia. "Khalas, imekwisha."

Dereva akatutazama kama wendawazimu, akafunga mlango, basi likaondoka bila mimi. Kyalo alilisindikiza kwa macho hadi likakata kona. Kisha akatazama saa yake, akaning'iniza mkoba wangu begani kwake, akaniuliza jioni hii tule nini.